Mjane wa Wimbo wa Nne

Koti la mahameli liliingia dukani limebebwa mikononi kama mgonjwa aliyezimia, na aliyelibeba alikuwa anahema kana kwamba mgonjwa ni yeye.

"Mama Pasi, hili ni koti la Chiriku," alisema meneja wa bendi. "Chiriku mwenyewe."

"Naona ni koti. Liweke mezani."

"Analivaa leo saa kumi. Ukumbi mzima, redio, watu wa kamera. Nitalifuata saa nane. Tafadhali, mama, lisije likaungua."

Mama Pasi alilitandaza koti mezani. Alikuwa amepiga pasi miaka ishirini na sita. Alingoja mpaka viatu vya meneja viliposikika nje kwenye kokoto, ndipo akaligeuza koti ndani nje.

Huko ndani ndiko dobi anakokutana na mtu. Bitana ya makwapa ilikuwa imekakamaa kwa jasho la miaka. Upande wa ndani wa kola kulikuwa na mstari mweusi wa dawa ya nywele. Kwa hiyo zile nywele zilizokuwa zinang'aa kwenye mabango yote ya mji, za mzee wa miaka sabini, zilikuwa zimetoka kwenye chupa. Kiuno cha suruali yake, iliyokuja imekunjwa ndani ya koti, kilikuwa kimefunguliwa mara tatu, kila mara kwa uzi wa rangi yake, na fundi hakuona haya wala hakutafuta uzi mweusi. Lakini kifuani kwa koti, palipopambwa kwa vipande vya kumetameta, hapakuwa na dosari. Panapoangaliwa na watu palikuwa pazima.

Kisha akapekua mifuko. Duka lile lilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote, na sheria hiyo aliiweka yeye. Chochote kilichomo mfukoni kinatolewa kabla nguo haijaguswa na maji wala moto. Kinatiwa kwenye bahasha ya kaki, juu yake panaandikwa namba ya nguo na vilivyomo, na bahasha inatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Haibanwi kwenye nguo, kwa sababu mwaka fulani bahasha iliyobanwa ilidondoka njiani ikiwa na pete ya mtu. Anayechukua nguo anakabidhiwa bahasha mkononi, anaweka sahihi, anakwenda zake.

Mfuko wa kifuani ulikuwa na leso nyeupe. Aliikaribisha puani, akairudisha nyuma haraka. Macho yalimchonyota. Ilikuwa imepakwa dawa ya kuchua, ile ya kifua na mafua, kwenye ncha moja tu, kwa ustadi, kama mtu anavyopaka siagi kwenye kona ya mkate.

"Loo!" alisema.

"Nini?" aliuliza mama mkwe wake kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha, ambako alikuwa anashona vifungo vya mashati ya wateja. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mbili, na macho yake bado yaliona tundu la sindano.

"Hamna kitu, mama. Vumbi."

Bibi akanyoosha mkono, akabonyeza redio ya kaseti iliyokuwa kwenye kizingiti cha dirisha. Ilikuwa saa yake. Kila asubuhi, akishaanza kifungo cha kwanza, sharti aisikilize ile albamu. Gitaa likalia peke yake, halafu sauti ya Chiriku ikaingia, ikiteleza kama sabuni kwenye sakafu.

*Gitaa Limenyamaza.* Ndilo lilikuwa jina la albamu. Nyimbo sita, zote za kumlilia rafiki wa Chiriku aliyekufa kijana, na rafiki huyo alikuwa mume wa Mama Pasi.

Katika wimbo wa kwanza, marehemu anapiga gitaa mpaka ndege wanatua. Katika wimbo wa pili anaugua. Katika wa tatu anafia mikononi mwa Chiriku, gitaa kifuani, na anamwachia maneno ya mwisho. Wimbo wa nne ni wa mjane: amevaa nyeusi, hana viatu, anaapa mbele ya kaburi kwamba nguo hiyo hataivua wala mwanamume mwingine hatamtazama, na Chiriku anamfuta machozi kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa, ukweli. Mume wa Mama Pasi alikufa kwa homa ya siku tisa, kwenye kitanda cha chuma, na aliyekuwa pale alikuwa mkewe na mama yake. Siku ya maziko Chiriku alikuwa anaimba kwenye harusi ya tajiri mmoja mji mwingine. Alituma "poleni sana" kupitia kwa mpiga bezi. Mjane hakuvaa nyeusi. Dukani kulikuwa na magauni mawili meusi ya wateja, safi, yamenyooshwa, na mtu mwingine angeazima moja akalifua kesho yake pasipo mwenyewe kujua. Yeye alivaa gauni lake la kahawia lenye pindo lililoshonwa upya. Viatu alikuwa navyo.

Na marehemu hakupiga gitaa. Alikuwa mpiga ngoma. Alikaa nyuma kabisa ya jukwaa, gizani, kwenye ngoma zake tano na matoazi mawili, miaka kumi na moja. Lakini inaonekana ngoma haziingii vizuri kwenye mstari wa wimbo wa huzuni. Chiriku alihitaji kitu chembamba chenye nyuzi, kitu cha kukatika, basi akampa marehemu gitaa, kama mtu anavyomvalisha maiti suti isiyo yake.

Watu walilia. Walinunua kaseti mpaka kiwanda kikashindwa. Walilia nayo kwenye misiba yao na, Mungu awasamehe, waliipiga hata harusini. Watu walikata keki huku mtu anafia kifuani mwa mwenzake. Tangu siku hiyo mji mzima ukawa shemeji wa Mama Pasi. Wanaume ambao marehemu asingewajua hata kwa taa walisimama mlangoni pa duka wakamwita shemeji na kumweleza walikuwa wapi walipousikia wimbo mara ya kwanza. Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kumwomba alione hilo gitaa. "Nilishike tu, shemeji. Nilishike kidogo." Alipoambiwa hakuna gitaa, alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. Alidhani limezikwa.

Mwenye bucha wa jirani ndiye aliyezidi. "Shemeji," alikuwa anapenda kusema, mkono kifuani, "bila wimbo wa tatu mimi na mke wangu tungeachana. Ile albamu ndiyo iliyonifanya mtu." Mashati yake yalikuwa yanafuliwa hapo hapo. Mama Pasi aliyajua makola yake na rangi za midomo zilizokuwa juu yake, na hazikuwa rangi za mke wake. Wimbo wa tatu ulikuwa haujafika huko.

Alikuwapo pia msoma mita za maji. Huyo alikuwa mtu mpole, mjane mwenzake. Miaka tisa iliyopita alikuja kusoma mita ambayo alikuwa ameisoma wiki iliyotangulia. Akaja tena. Mara ya tatu alivaa shati lililopigwa pasi nyumbani, vibaya, akaanza kusema, na wakati ule ule wimbo wa nne ukalia kutoka kwenye redio ya bucha. Alisikiliza mpaka mwisho. Macho yakamlegea.

"Siwezi," alisema. "Siwezi kumnyang'anya marehemu."

Kumnyang'anya! Kama vile yeye ni mwavuli uliosahauliwa kwenye benchi. Alioa mwanamke mwingine mwaka uleule, na mashati yake siku hizi yalikuwa yamenyooka.

Mama Pasi aliweka leso kwenye bahasha, akaandika: *Na. 212. Leso moja.* Ndani ya mfuko wa pembeni akakuta karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara moja tu na ilifunguka yenyewe. Hakuwa na mazoea ya kusoma ya watu. Lakini darasa la saba alilimaliza, na herufi zilikuwa kubwa, za mtu asiyetaka kuvaa miwani mbele ya watu.

*Baada ya wimbo wa 3: kunywa maji. Nyamaza kidogo. Tazama juu.*

*Marehemu: ndugu yangu zaidi ya damu. Mpiga gitaa (solo au rizimu? ulizia). Alikufa mwaka (ulizia).*

*Mjane: kiti cha mbele chenye utepe. Mshike bega.*

*Leso: jicho la upande wa kamera.*

Alisoma tena ule mstari wa pili, kwa kidole. Solo au rizimu. Mtu huyu alikuwa ameuimba uongo wake muda mrefu hata sasa alikuwa anahangaika kujua sehemu zake. Alikuwa anatafuta ukweli wa jambo ambalo alilibuni mwenyewe. Ulizia!

Aliandika juu ya bahasha: *Karatasi moja.* Ile *moja* ikaenda mrama.

Saa tano alikuja mtangazaji wa redio, binti mwenye simu mbili na mfuko wa plastiki. Ndiye aliyekuwa ameandaa shughuli yote. Kipindi chake, *Albamu Zilizotulea*, kilikuwa kimewauliza wasikilizaji miezi mitatu ni albamu ipi iliyowajenga, na *Gitaa Limenyamaza* ilikuwa imezishinda zote.

"Mama yangu," alisema, na kumkumbatia kabla hajaweka pasi chini, jambo la hatari. "Siamini. Nimekua na wewe. Nilikuwa nakuchora shuleni."

"Ulinichora vipi?"

"Pekupeku, pale kaburini. Sasa sikiliza. Kiti chako ni cha mbele, peke yake, kina utepe mweusi. Hii hapa ni nguo." Alitoa kwenye mfuko gauni jeusi refu, la mtu mnene. "Wimbo wa nne, Chiriku atashuka jukwaani aje kwako. Huna haja ya kusema chochote. Ukilia kidogo hatutakataa." Alicheka. "Na viatu, mama, kama hutajali, ukifika utavivua."

"Kuna sakafu ya saruji pale."

"Ni dakika tano tu."

"Miaka yote hii mlikuwa wapi?"

"Samahani?"

"Nauliza tu. Sijasema nitakuja."

Mtangazaji akageuka, akamtazama bibi pale dirishani kama mtu anayetafuta mlango mwingine wa nyumba. Bibi alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Atakuja," alisema bibi. "Tutakuja wote."

"Mama."

"Tutakuja, mwanangu. Wanamtaja mwanangu ukumbini, mimi nikae hapa na vifungo?"

Basi. Mtangazaji akaenda zake kwa furaha, gauni likabaki juu ya meza kama mtu aliyekuja bila kualikwa. Mama Pasi akalikunja, akalitia rafuni. Huyu bibi ndiye aliyekuwa mnyororo mguuni pake. Miaka yote hiyo angeweza kusimama mlangoni pa duka akawaambia mashemeji wote waende na gitaa lao. Lakini kikongwe huyu, asubuhi kwa asubuhi, aliisikiliza ile sauti ya sabuni huku amefumba macho, na Mama Pasi aliona kwamba hicho ndicho kilichobaki cha mtoto wake. Ukimwambia ni uongo, unamzika mtoto mara ya pili. Na leo kuketi kwenye kile kiti ilikuwa kutia sahihi. Akikaa pale, pekupeku, mbele ya kamera, basi hata yeye mwenyewe atakuwa ameapa. Mume wake atakuwa mpiga gitaa milele, amina.

Alirudi kwenye koti.

Mahameli hayapigwi pasi usoni. Ukiyagusa kwa chuma mara moja tu, malaika yake, yaani vinyweleo vyake laini, yanalala, panakuwa na alama inayong'aa kama upara, na hakuna dawa duniani ya kuyasimamisha. Unayaning'iniza, unayapulizia mvuke kutoka ndani, unapitisha brashi laini kwa kuelekea chini, polepole. Pasi ilikuwa imekwisha kupata moto. Aliishika juu ya kifua cha koti, karibu, mpaka vipande vya kumetameta vikaonyesha umbo lake, na taa yake nyekundu ndani ya kila kimoja. Alama moja tu. Hapo mbele, kwenye moyo. Meneja angelia, kamera zingeiona, na nani angedhani dobi kakusudia?

"Ee Mungu," alisema kwa sauti ya chini, "huu mkono ni wako. Uondoe."

Akauondoa. Lakini haikuwa sala peke yake, lazima isemwe. Aliona haya. Miaka ishirini na sita, hakuwahi kutoa dukani nguo yenye alama, halafu aianze kazi hiyo kwa ajili ya Chiriku? Huyo hakustahili hata kuharibiwa kazi. Alilitundika koti, akalipulizia mvuke upande wa ndani, akalipiga brashi mpaka likawa jeusi kama maji ya kisima. Akasugua kola kwa kitambaa chenye siki. Kisha akakaa akafungua mishono yote mitatu ya kiuno cha suruali, akaishona upya kwa uzi mweusi, kwa sababu asingevumilia kuiona.

Saa nane meneja alifika mbio, simu imebanwa kati ya bega na sikio.

"Waambie maikrofoni ya mbele! Ya mbele! Sio hiyo!" Akalipokea koti, akalitazama, macho yakamtoka. "Mama, umelizaa upya. Hapana, sisemi na wewe, nasema na dobi."

"Kuna bahasha," alisema Mama Pasi. "Ya vilivyokuwa mfukoni. Weka sahihi."

"Nimekwambia taa ya buluu! Ya buluu, bwana!"

Akatoka. Kokoto zikalia, mlango wa gari ukabamizwa.

Mama Pasi alibaki amesimama, kalamu mkononi. Kwa kawaida alikuwa anawafuata wateja mpaka barabarani. Aliwahi kumkimbilia mtu robo ya maili kwa ajili ya tiketi ya basi. Alitazama bahasha namba 212 pale kwenye msumari. Alikuwa amesema. Alisema kwa sauti inayosikika, mara moja, kama sheria inavyotaka. Sheria haikutaja mara mbili.

Akafunga kifuniko cha kalamu.

Ukumbi ulijaa kabla ya saa kumi. Mwenye bucha alikuwa amevaa tai. Mwalimu mstaafu alikuwa na kaseti yake ya kwanza, imefungwa kwenye kitambaa kama jino la mtoto. Mama Pasi aliingia akiwa amemshika mama mkwe mkono. Amevaa gauni la kahawia, pindo lile lile, na viatu vya ngozi alivyokuwa amevipaka rangi asubuhi.

Mtangazaji alipomwona, alishika kichwa. "Mama, nguo! Nguo iko wapi?"

"Iko rafuni. Imekunjwa vizuri."

Kiti chenye utepe kilikuwa peke yake mbele ya jukwaa. Viti vingine vyote vilikuwa na watu. Bibi alikuwa ametembea kutoka barabara kuu na magoti yalikuwa yanamtetemeka. Mama Pasi alimwongoza mpaka pale, akampangusia kiti kwa kiganja, akamkalisha. Yeye akasimama nyuma, mikono juu ya egemeo.

"Hapana, hapana," alinong'ona mtangazaji. "Hicho ni cha mjane."

"Mjane ana miguu," alisema Mama Pasi.

Taa zikazimwa. Ya buluu ikawaka.

Chiriku alitoka, na koti likawa limemtangulia. Hata wanaokaa nyuma waliliona; likavuta pumzi za watu. Aliimba wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini hakuna aliyekuwa anaisikiliza ya leo. Kila mtu alisikiliza ile ya zamani iliyokuwa kichwani mwake. Mwenye bucha alilia waziwazi. Mke wake, pembeni, alikuwa anatazama saa.

Baada ya wimbo wa tatu, Chiriku alikunywa maji. Alinyamaza kidogo. Alitazama juu.

"Ndugu zangu," alisema. "Kulikuwa na mtu. Ndugu yangu zaidi ya damu." Mkono ulikwenda kwenye mfuko wa pembeni. Ukatoka. Ukarudi tena, ukachimba. "Zaidi ya damu," alisema mara ya pili. "Mpiga..." Mkono ukaruka ukaenda mfuko wa kifuani, ukatafuta kwa vidole viwili, ukatoka mtupu. Alitazama kando ya jukwaa. Meneja alikuwa anajipapasa mwili mzima kama mtu aliyeingiliwa na siafu.

Ukumbi ulisubiri. Watu walidhani ni uchungu.

"Hata kusema siwezi," alisema Chiriku, na watu wakaguna kwa huruma. Alishuka ngazi, maikrofoni mkononi, macho makavu yakipepesa upande wa kamera kwa nguvu ya bure. Akafika kwenye kiti chenye utepe. Taa ya buluu ilikuwa inampofusha, au labda hakuwa ametazama. Aliweka mkono juu ya bega la mwanamke wa miaka themanini na mbili.

"Huyu hapa," alisema, "mjane wa rafiki yangu. Ndiye niliyemfuta machozi siku ile."

Kicheko kimoja kilitoka nyuma, kikakatwa katikati. Mtangazaji alifunika uso. Bibi aliinua kichwa, akamtazama Chiriku kama anavyotazama kifungo kilichovunjika, akikadiria kama kinafaa kitu.

"Mimi ni mama yake," alisema, na maikrofoni ikayachukua maneno ikayapeleka mpaka mlangoni.

"Mama yake! Naam, mama yetu sote," alisema Chiriku. Alikuwa mzoefu, alipiga goti. "Waambie, mama. Waambie mwanao alivyokuwa."

"Alikuwa ananitobolea sufuria."

Watu walicheka kidogo, kwa wasiwasi.

"Tatu. Tangu ana miaka sita, kila nikigeuka amezifudikiza anazipiga kwa miiko. Gitaa sijui mlilitoa wapi. Labda aliwahi kumbebea mtu."

Nyuma ya egemeo la kiti, vidole vya Mama Pasi vilikaza. Chiriku alikuwa tayari anatabasamu kwa hadhira, uso ukisema, "Ni majonzi, ndugu zangu, na uzee," akaanza kuivuta maikrofoni kwake. Lakini bibi alikuwa ameishika. Akailaza mapajani, akaanza kuigonga kwa vidole viwili na kiganja.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mara tatu haraka, pengo, mara mbili nzito, halafu ikajikunja, ikarudi. Mama Pasi aliijua. Kwenye albamu ya kwanza ya bendi, ile ambayo haikununuliwa na mtu, Chiriku alichelewa kuingia kwenye wimbo wa mwisho, na mpiga ngoma akajaza pengo lake. Sekunde kumi na moja. Kaseti hiyo ilikuwa kwenye droo ya vifungo, chini kabisa, na aliisikiliza siku ambazo bibi alikuwa hayupo, mara nne kwa mwaka labda, kwa sauti ndogo. Alidhani ilikuwa siri yake.

Jukwaani, gizani nyuma kabisa, mpiga ngoma wa sasa, mtu ambaye jina lake halikuwamo kwenye bango, aliinua kichwa.

Bibi aligonga mara mbili za mwisho, akairudisha maikrofoni. "Haya, endelea," alimwambia Chiriku. Naye akaendelea. Wimbo wa nne uliimbwa wote, mjane akiwa ndani yake amevaa nyeusi.

Walitembea mpaka kwenye duka la bucha, lililokuwa limefungwa.

"Ulijua," alisema Mama Pasi. "Miaka yote hiyo, mama."

"Mwanangu mimi nisijue alipiga nini?"

"Halafu ulikuwa unaisikiliza kila asubuhi."

"Sasa ningemsikia wapi?" Bibi alisimama kupumzisha magoti. "Nani mwingine alikuwa anamtaja? Yule mwongo angalau alikuwa anamtaja. Wewe ulinyamaza."

 Mama Pasi alimshika mkono vizuri zaidi, wakaendelea.

Jumatatu redio ilisema mama wa marehemu alizidiwa na kumbukumbu, na kwamba tukio hilo lilizigusa nyoyo. Mwenye bucha alileta mashati saba. "Shemeji," alisema, "mama yetu amechoka, mumsamehe. Wimbo ni uleule." Kaseti, alisema, zilikuwa zinauzwa tena. Mama Pasi alihesabu mashati, akatazama kola ya kwanza, akaandika namba.

Bahasha 212 ilikuwa bado kwenye msumari. Hakuna aliyekuja kuiulizia. Upepo wa mlangoni ulipoisukuma, harufu ya ile dawa ya kuchua ilitoka kidogo, na mtu aliyepita karibu alitokwa na machozi bila sababu.

Bibi aliketi kwenye kiti chake cha dirishani, akatia uzi kwenye sindano. Mkono wake ulikwenda kwenye redio ya kaseti, ukatua juu yake, haukubonyeza.

"Leta ile nyingine," alisema. "Iliyo chini ya vifungo."

Mama Pasi alivuta droo. Alifikisha mkono chini, kwenye baridi ya vifungo vya chuma, akaitoa, akaifuta kwa aproni ingawa haikuwa na vumbi. Aliitia kwenye redio, akaipeleka mbele mpaka karibu na mwisho. Kisha akarudi mezani, akaishika pasi, akalitandaza shati la mwenye bucha. Walisubiri pamoja. Wimbo ulipofika mahali pale ambapo mwimbaji alikuwa bado hajaingia, aliinua pasi kutoka kwenye kitambaa na kuiacha hewani, mvuke ukipanda, mkono ukiwa hautikisiki.